Daktari Aliyesimama na Wagonjwa Wake

Msikilizaji, tukitaja kuwaenzi waliotumia maisha yao ya kazi kutetea uhai wa mtoto aliye tumboni, namkumbuka Jérôme Lejeune, daktari wa watoto wa Paris. Mwaka 1959 yeye, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Gautier ndiye aliyeotesha maabarani seli walizochunguza, na alichelewa mno kupewa haki yake, kwa hiyo leo tumtaje.

Lejeune alitafuta tiba. Wengine wakautumia ugunduzi huo kuwabaini watoto hao kabla hawajazaliwa, na mimba zikatolewa. Hapo hakunyamaza. Mwaka 1969, alipokwenda San Francisco kupokea Tuzo ya William Allan, aliwatetea mbele ya wanasayansi wenzake, na msimamo huo ulimharibia sifa kwa wengi.

Papa Yohane Paulo II alimteua kuongoza Akademia ya Kipapa ya Uhai mwaka 1994, wiki chache kabla hajafariki. Lakini heshima ninayoithamini zaidi ni kliniki ya Paris yenye jina lake, ambako watu wenye hali ya Down, wakubwa kwa wadogo, wanatibiwa hadi leo.