Matairi Mapana Nyuma, Membamba Mbele
Mazungumzo na madereva na wenye taksi wa barabara ya Kampala–Masaka



Tumeitwa kujibu swali moja ambalo limezua ubishi baina yetu na ninyi kando ya barabara. Mwenye taksi ya zamani, Toyota HiAce iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi, hununua rimu pana akazifunga nyuma, na mbele akaziacha zile za asili. Askari humsimamisha, naye huuliza: kosa langu ni lipi? Na kama rimu zenyewe si kosa, nifunge tairi la ukubwa gani? Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo tuliyokuja kuizungumza, kwa kuwa tairi likichaguliwa vizuri, mengi katika ile ya kwanza hayatokei.

Tazameni tairi la kawaida la HiAce yenye rimu za inchi 15. Ubavuni limeandikwa 195/80R15, kisha 107/105. Wanunuzi wengi husoma 195 na 15, wakaishia hapo. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 80 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana, yaani milimita 156. Rimu ya inchi 15 ina kipenyo cha milimita 381. Jumlisheni ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, mtapata kimo cha tairi zima: milimita 693. Namba hii haikuandikwa popote kwenye tairi, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Sasa mwenye gari amepata rimu za nyuma zenye upana wa inchi 7, wakati za mbele zina inchi 6. Duka la matairi makuukuu linamwonyesha 235/75R15, tairi la magari ya porini, lenye sura ya kutisha. Akilipigia hesabu ile ile, atapata milimita 733 na nusu. Nyuma kumezidi mbele kwa milimita 40. Gari linainama kuelekea pua, na likipakia abiria, tairi linaanza kusugua bodi kwa ndani. Zaidi ya hayo, HiAce hizi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na spidomita hupokea habari zake kwenye giaboksi. Tairi likiwa refu kuliko lile la asili, spidomita husema pungufu. Dereva anasoma 80, na barabarani anakwenda karibu 85. Akisimamishwa huapa kwamba alikuwa ndani ya mwendo halali, na kwa mujibu wa macho yake anasema kweli.

Mwingine hukimbilia upande wa pili, akafunga 225/60R15 kwa sababu gari limeonekana limelala chini vizuri. Hilo lina milimita 651. Nyuma kumeshuka, taa za mbele zinamulika juu na kuwapofusha wanaokuja, na injini inazunguka zaidi kwa safari ile ile.

Lililo sahihi kwa rimu ya inchi 7 ni 225/70R15 lenye herufi C. Upana umeongezeka kwa milimita 30, asilimia ya ubavu imepungua kutoka 80 hadi 70, na kimo kimekuwa milimita 696. Tofauti na tairi la mbele ni milimita 3 tu. Tairi lililolika hutofautiana na jipya kuliko hapo. Kanuni ni nyepesi: upana ukipanda, asilimia ya ubavu ishuke, kimo kibaki pale pale. Magari yanayosukuma kwa magurudumu yote manne yana sababu kubwa zaidi ya kuifuata, maana mbele na nyuma vikizunguka kwa kasi tofauti, mashine inayogawa nguvu katikati hujila yenyewe.

Tuliiacha kando namba ya 107/105, na hapo ndipo tunapoomba usikivu wenu zaidi. Ni alama ya uzito. Namba 107 maana yake tairi moja lina uwezo wa kubeba kilo 975. Namba 105, kilo 925, ni kwa magari yanayofunga matairi mawili mawili kila upande. Tairi la 225/70R15C kwa kawaida huwa na 112, yaani kilo 1,120. Lakini lile la 225/60R15, lililotengenezwa kwa gari dogo la familia, hukutwa na 96, ambayo ni kilo 710. Fanyeni hesabu ya ekseli ya nyuma iliyobeba kilo 1,700 pamoja na abiria na mizigo. Kila tairi linabeba 850. Yale ya asili yana akiba. Lile la gari dogo limezidiwa kwa kilo 140 kabla gari halijaingia shimo hata moja. Tairi lililozidiwa hupinda ubavu kila linapozunguka, kupinda huzaa joto, na joto ndilo linalotenganisha nyuzi na mpira. Linapasuka njiani likiwa na watu 14 nyuma ya dereva, nalo lilionekana pana na lenye nguvu kuliko yote dukani. Upana si uwezo. Someni namba.

Wapo wanaotuambia kwamba walipanua nyuma ili gari lisipinduke. Milimita 30 za mpira haziwezi kushindana na mikungu ya matoke iliyofungwa juu ya paa. Kinachoangusha gari kwenye kona ni uzito uliokaa juu na mwendo. Tena kuna jambo la mvua: tairi pana hupanda juu ya maji mapema kuliko jembamba, hasa likiwa limelika. Pua itashika njia, mkia utaelea. Kwa hiyo mwenye matairi mapana nyuma asikubali kabisa yawe vipara.

Kwa mafundi tuna ombi. Msivute tairi la 195 likae kwenye rimu ya inchi 8. Ukingo wake hauna mshiko wa kutosha, na upepo ukipungua kidogo huchomoka. Rimu isitokeze nje ya madgadi, kwa kuwa kadiri inavyosogea nje ndivyo inavyozilemea beringi. Wala isikaribie springi za majani kwa ndani kiasi cha kusugua. Ekseli moja isifungwe matairi ya saizi mbili, hata kwa safari ya kufika nyumbani. Na kabla ya kuuza tairi kuukuu, msomeeni mteja tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Upepo nao: kibandiko kilichopo mlangoni kinazungumzia tairi la asili. Saizi ikibadilika, fuateni jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito mnaobeba, na pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi.

Mkituuliza rai yetu, gari la abiria libaki na rimu za upana mmoja. Hapo matairi ya mbele na ya nyuma yanaweza kubadilishana nafasi yalike sawasawa, na tairi moja la akiba linatosha pembe zote nne. Aliyekwisha kununua rimu pana ana hesabu moja zaidi ya kufanya, maana tairi la akiba litalingana na mbele au na nyuma, si kote. Achague lililo na kimo kile kile, ahakikishe mashimo ya nati yanaingia kwenye ekseli zote mbili, na akilifunga aende polepole hadi kwa fundi wa karibu. Leo tumekuja na futi ya kupimia na geji ya upepo. Magari yaliyo hapa yatapimwa bila kuandikiwa kosa, tukianza na yaliyo karibu na lango.