Karani Asiye na Uso



Wengi wetu tuliomo ukumbini humu tumezeekea kwenye foleni. Twalijua benchi la masijala ya ardhi, na lile jibu lake: "Faili halionekani, njoo Jumatatu." Faili hilo lilikuwa na desturi ya ajabu ya kuonekana punde tu karani apewapo chai. Basi hatukuja hapa kuilaani mitambo. Kituo cha kwanza cha Huduma kilipofunguliwa jijini Nairobi Novemba 2013, na eCitizen ikafuata mwaka 2014, wananchi walipumua. Ardhisasa nayo, iliyozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia Nairobi, ilikusudiwa kuliondoa faili mikononi mwa karani huyo.

Lakini karani wa zamani, pamoja na maovu yake yote, alikuwa na uso. Tuliweza kumwuliza, kumwendea mkubwa wake, hata kumshtaki. Leo mama wa kijijini hujaziwa fomu na kijana wa saiba, tena kwa malipo, na ombi lake likikataliwa huona neno moja tu kwenye skrini. Amwulize nani? Na eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi Julai 2023, ndipo wengi walipotambua kwamba mlango ulikuwa mmoja, nao umekwama.

Hatuombi hisani. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 yataka utendaji wa serikali uwe wa haraka, wa haki na halali, na anayeathiriwa vibaya na uamuzi apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 champa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mtambo peke yake. Zipo hali chache zilizoachwa nje, na hata kwa uamuzi ulioruhusiwa na sheria aweza kuomba uangaliwe upya. Haya yameandikwa. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuyatumia?

Twadai kila ombi linalokataliwa liambatane na sababu inayosomeka, kwa Kiswahili, na cheo cha afisa wa kukatiwa rufani. Pia libaki dirisha lenye mtu, kwa ajili ya asiye na simu.

Mkirudi makanisani na vijijini, tafuteni waliokataliwa bila kuelezwa. Andikeni tarehe na nambari ya ombi. Bila karatasi hiyo hatuna la kupeleka mahakamani.