Chupa Moja ya Chanjo, Nyumba Nane

Maelezo yaliyotolewa kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji, Kaunti ya Kilifi



Kaloleni, Ganze, Rabai hadi Magarini, ni nadra kuingia ua usione kuku. Watano, kumi, pengine ishirini, wanachakura nyuma ya jiko. Mwenyewe akiulizwa anafanya kazi gani, hawataji. Asubuhi mlango wa banda hufunguliwa, wakatupiwa pumba na makombo ya sima, kisha wakaachwa wajitafutie. Jioni mama, au mtoto aliyerudi shule, huwahesabu mmoja mmoja wanapoingia kulala.

Na hata hivyo kuku hao ndio hulipa. Mtoto akishikwa na homa usiku, nauli ya kumfikisha hospitali hutoka bandani. Mbuzi hauzwi mpaka familia ikae kikao, lakini kuku mama humkamata na kumuuza bila kumuuliza mtu. Ndiyo sababu kuku kumi wakifa kwa wiki moja, hasara haionekani kwenye hesabu ya mzee wa nyumba, ila mama anaijua.

Ufugaji huu haufanywi na mtu peke yake. Mayai ya kuatamiwa hubadilishwa baina ya nyumba na nyumba. Jogoo mzuri huazimwa, na ni vyema iwe hivyo, maana jogoo akikaa na binti zake miaka nenda miaka rudi, vifaranga hudhoofika. Kuna anayempa jirani koo amlelee, wakagawana vifaranga. Kisimani watu huulizana nani ametotolesha wangapi siku ya 21 ilipofika, na wangapi wamebaki baada ya mwewe, nguchiro na wale kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa pwani nzima. Asiyefunika vifaranga kwa tenga wiki za mwanzo anawafugia kunguru.

Njia hizo hizo za ujirani ndizo anazopita kideri.

Kideri, ambao wengine huuita mdondo na maafisa wa mifugo huuita Newcastle, ni ugonjwa wa virusi. Kuku hujikunyata, manyoya yakasimama. Huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine shingo hupinda au miguu na mabawa hupooza. Banda lisilochanjwa linaweza kwisha kwa siku chache. Dawa ya kutibu hakuna. Shubiri, pilipili na majivu vinavyotiwa kwenye maji ya kunywa haviui virusi, na vidonge vya antibayotiki haviviui pia, hata viwe vya bei gani. Kuku aliyenusurika alinusurika mwenyewe.

Hatari kubwa huwa majira ya kaskazi, kuanzia Desemba. Ni wakati wa jua kali, na ni wakati wa sikukuu pia: kuku husafiri kwenye matenga juu ya matatu, hubebwa zawadi, huuzwa na kununuliwa sokoni kuliko wakati mwingine wowote. Kuku mmoja aliyenunuliwa jioni akachanganywa na wenzake usiku huo huo anatosha. Kuku mgeni akae kando wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Akiwa mgonjwa, ataonekana.

Hapa pana jambo ambalo watu hawapendi kulisemea hadharani. Mfugaji akiona kuku wawili wamekufa alfajiri, wazo la kwanza ni kuwakimbiza waliobaki sokoni kabla hawajaanguka. Anayefanya hivyo si mtu mbaya. Ana karo ya kulipa. Lakini kuku hao hufikishwa bandani kwa mama mwingine mwenye karo yake, na baada ya siku chache mtaa wa pili nao unazika. Kideri ni miongoni mwa magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe. Simu ipigwe kwa afisa wa mifugo wa wadi, waliokufa wazikwe au wachomwe, na walio hai wasitoke uani. Kumchinja mgonjwa na kutupa matumbo na manyoya jalalani ni kuwaachia mbwa na kunguru kazi ya kuugawa ugonjwa.

Kinachozuia kideri ni chanjo. Hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, shirika la serikali la chanjo za mifugo, na kuna nyingine zinazoletwa kutoka nje. Zipo zinazostahimili joto, kama zile za I-2 ambazo asili yake ni utafiti uliofanywa Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini wasio na friji. Kustahimili joto hakumaanishi kuanikwa: chupa ibebwe kwenye kitambaa kibichi, mbali na jua. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kwa jogoo na kwa kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila miezi minne. Kwa pwani, Novemba, Machi na Julai ni mpango mzuri, kwa sababu tone la Novemba huwakuta kuku wakiwa na kinga kabla kaskazi haijakolea. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujijenga. Anayechanja wakati kuku wameshaanza kufa amechelewa, na kisha huenda akatangaza kijiji kizima kwamba chanjo ndiyo iliyowaua.

Wengine husema walichanja na bado kuku wakafa. Huenda ni kweli. Chanjo ya kideri haizuii ndui, wala Gumboro, wala homa ya matumbo ya kuku. Tone lililodondokea shavuni badala ya jichoni nalo halihesabiwi. Kuku ashikwe mpaka apepese jicho, ndipo aachwe.

Basi kwa nini mabanda mengi hayachanjwi? Kwa sababu ya chupa. Chanjo huuzwa kwa chupa ya dozi nyingi, mara nyingi 100 au zaidi, na ikishachanganywa itumike siku hiyo hiyo. Mwenye kuku 12 akifika kwenye agroveti huona ananunua matone 88 ya kumwaga. Anarudi nyumbani. Lakini nyumba nane zenye kuku 12 kila moja ni kuku 96, na bei ya chupa ikigawanywa mara nane haifiki bei ya yai kwa kila kuku.

Vikundi vya akina mama tayari vina mchango wa kila wiki na mweka hazina anayeaminika. Kinachohitajika ni kumchagua mmoja mwenye mkono usiotetemeka, afisa wa wadi amfundishe kuchanganya na kudondosha, na nyumba zote zikubaliane kutofungua mabanda asubuhi hiyo kabla hajapita. Kuku wakishatawanyika, nusu yao hawatashikwa.

Limeulizwa swali la jirani asiyetaka kuchanga. Yupo kila mtaa, na watu humkasirikia, wakaapa kumpita. Kuku wake lakini wanakunywa maji kwenye kibuyu kimoja na wa wengine. Katika nyumba nane zilizotajwa, chupa ya dozi 100 hubaki na matone manne, na jua likizama yatamwagwa. Ni afadhali mchanjaji abishe hodi kwake pia alfajiri hiyo, aombe kuku wa karibu na mlango washikwe, na habari ya mchango isubiri Machi.