Fundo la Kuvutia Gogo

Leo tunajifunza fundo la kuvutia gogo.

Ukipanda Milima ya Uluguru kutoka Morogoro mjini, iwe ni kuelekea Mgeta au Kinole, mashamba mengi yako kwenye miteremko mikali ambako gari halifiki. Mkulima akiangusha mti wake ili apate nguzo, hulivuta gogo kwa kamba hadi barabarani. Fundo likiachia, gogo hubingirika, na aliye chini yumo hatarini.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mkoa wetu wa Morogoro ukawa mmoja wa mikoa inayoulima. Kamba ya katani, itokanayo na mkonge huo, ina nyuzi zinazokwaruza, hivyo fundo lake hushika vizuri. Kamba ya plastiki huteleza, hivyo iongezee misokoto.

Kama una kamba karibu, tufanye pamoja. Izungushe kwenye gogo mara moja. Ncha fupi ipitishe nyuma ya kamba ndefu, uirudishe ilikotoka, kisha uisokote mara tatu au nne juu ya ile sehemu yake iliyokumbatia gogo. Hakikisha misokoto yote imelala kwenye gogo, halafu vuta.

Kamba ikivutwa, huigandamiza misokoto kwenye gogo, na msuguano huizuia ncha isichomoke. Kadiri unavyovuta ndivyo fundo linavyokaza. Kazi ikiisha, unalifungua kwa vidole. Fundo la kawaida likishakazwa na mzigo huishia kukatwa kwa panga, na kamba ikazidi kuwa fupi.

Sasa sogea kwenye ncha ya gogo itakayotangulia. Zungusha kamba ndefu tena mara moja, uipitishe chini yake yenyewe. Kitanzi hicho hulinyoosha gogo lifuate njia, lisikae kingamo na kuvunja migomba.

Zingatia haya. Fundo hili hulegea kamba ikilegea, kwa hiyo mvute bila kuachia, na mkitaka kupumzika, likingeni gogo kwa jiwe kwanza. Mtu asikae upande wa bondeni. Kamba ya katani iliyolowa ianikeni, maana huoza kwa ndani. Kabla ya kazi, achanisheni misokoto yake mtazame nyuzi.

Wewe unayelijua fundo hili, mshikishe kijana wako kamba alifunge mwenyewe, alivute, alifungue, mpaka aweze bila kuelekezwa.