Magazeti Makuukuu na Magugu ya Bustani

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mmezoea kuniona nikisimama hapa kuzungumzia mizani, stakabadhi na masurufu. Leo Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya bustani, kwa kuwa alipita nyumbani kwangu akaona matuta ya nyanya yasiyo na magugu, akataka kujua siri yake. Siri yenyewe ni magazeti makuukuu. Nitaieleza yote, kisha, kama ilivyo desturi ya mkaguzi, nitaomba ruhusa ya kuingia ofisini mwenu.

Sina haja ya kuwaeleza uzito wa palizi. Bustani ya mboga hupaliliwa mara kadhaa kabla ya mavuno, na aghalabu jembe hilo hushikwa na akina mama baada ya kazi za shambani, au na watoto waliotoka shule. Gugu hula samadi tuliyoibeba kichwani na hunywa maji tuliyoyateka mtoni. Kwa hiyo, kila palizi tunayoipunguza ni nguvu iliyookolewa nyumbani.

Kanuni ya kazi hii ni nyepesi. Mmea hauwezi kuishi bila mwanga. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, na baadhi yake hungoja mwanga ndipo ziote. Gazeti likitandazwa juu ya udongo huziba mwanga huo. Gugu changa hudhoofika na kufa chini yake. Kadhalika udongo haukauki upesi, na baada ya msimu mmoja hivi karatasi huoza na kuwa sehemu ya udongo.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza, ng'oa magugu makubwa, changanya samadi iliyooza vizuri na udongo, kisha mwagilia tuta mpaka lilowe. Karatasi ikiwekwa juu ya udongo mkavu, ukavu huo utabaki chini yake. Pili, tandaza magazeti unene wa karatasi sita hivi, kingo zikipandana kiasi cha upana wa kiganja, maana gugu hutafuta ufa kama mwizi atafutavyo dirisha. Tatu, lowesha karatasi papo hapo ili zisipeperushwe na upepo. Nne, funika kwa nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne. Nyasi zenye mbegu zisitumiwe, la sivyo utakuwa umepanda magugu kwa mkono wako mwenyewe. Tano, toboa matundu na kupandikiza miche ya nyanya, kabichi au pilipili hoho, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze.

Mbegu ndogo zipandwazo moja kwa moja, kama karoti na mchicha, hazifai kufunikwa namna hii. Hizo zingojewe mpaka ziote na kupata nguvu, ndipo karatasi ziwekwe kati ya mistari.

Yapo mambo ya kuchunga. Ndago na sangari hawashindwi kwa karatasi. Ndago hutoboa, na sangari hutambaa mpaka kwenye ukingo na kutokea huko. Hao hapana budi wachimbwe pamoja na mizizi yao. Penye mchwa wengi, karatasi na nyasi huwa karamu yao. Kagua mara kwa mara, na ukiwaona wameanza kushambulia mashina, ondoa matandazo. Koa nao hupenda unyevu huo, basi waokotwe asubuhi na mapema. Karatasi zisichimbiwe udongoni zikiwa mbichi, kwa kuwa vijidudu viozeshavyo karatasi huchukua naitrojeni ya udongo, na mimea hugeuka manjano. Ziache juu, zioze polepole.

Wengine huuliza juu ya wino. Wino mweusi wa magazeti hutengenezwa hasa kwa masizi laini na mafuta, wala hauna tatizo kubwa bustanini. Zamani baadhi ya wino wa rangi ulitiwa madini kama risasi. Kwa hiyo magazeti ya zamani sana yenye picha za rangi tuyaache. Tuyaache pia majarida yenye karatasi za kung'aa na karatasi zilizopakwa plastiki.

Sasa tupige hesabu, maana mkulima asiyepiga hesabu hulima hasara. Gazeti dogo la kurasa 24 lina karatasi 6 zikikunjuliwa. Gazeti moja, basi, hutosha sehemu moja tu ya tuta. Tuta la urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 litataka magazeti kama 60 au 70. Kwa ekari moja yangehitajika zaidi ya 24,000. Mnaona wenyewe kwamba njia hii ni ya bustani ndogo ya nyumbani. Kahawa kihambani iendelee kufunikwa kwa nyasi na majani ya migomba kama tulivyofundishwa na wazee. Tena siku hizi watu wengi husoma habari katika simu, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wauza karanga na vitumbua nao wanayahitaji magazeti hayo. Gazeti kuukuu lina wateja.

Na hapo, ndugu makatibu, ndipo ninapoingia ofisini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua chama ambacho sitakitaja. Mama mmoja mjane alinijia na malalamiko. Kilo za kahawa alizopeleka msimu uliotangulia hazikuonekana zote katika orodha ya malipo ya pili. Stakabadhi yake ilikuwa imelowa kwa mvua iliyovuja darini, na tarakimu hazikusomeka. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa nakala ilikuwamo katika kitabu cha chama. Tulipofungua kabati, vitabu vya msimu ule havikuwamo.

Katibu, ametahayari, alinichukua mwenyewe mpaka nyuma ya ofisi. Alikuwa amesikia habari ya karatasi na magugu, na magazeti hakuwa nayo. Nilipofunua nyasi kati ya kabichi, niliona majina ya wanachama na kilo zao, karatasi zimeshikamana kama uji. Kijana yule hakuwa mwizi. Fedha za chama zilikuwa sawa hadi senti. Aliona vitabu vya msimu uliokwisha, akadhani kazi yake imekwisha. Kamati ilikaa siku mbili, ikawasikiliza majirani waliobeba magunia pamoja na mama yule, ikakubali kumlipa sehemu ya madai yake. Sehemu nyingine haikuthibitika, naye aliikosa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mosi, kila ofisi iwe na sanduku la magazeti peke yake, mbali na kabati la kumbukumbu. Pili, karatasi yoyote yenye jina la mwanachama, kilo au fedha isitoke ofisini ila imeorodheshwa, Afisa Ushirika ameulizwa, Kamati imeamua, na uamuzi umeandikwa katika muhtasari. Asiwepo katibu wa kuamua jambo hilo peke yake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Tatu, nanyi wanachama, zitunzeni stakabadhi zenu katika kopo lenye kifuniko, wala msiziache darini.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika bustani yangu nitaendelea kutandaza magazeti, na anayetaka kujionea matuta yale anakaribishwa. Lakini nikija kukagua chama chenu, nitaanzia kabatini, na nikitoka hapo nitaomba pia nionyeshwe kabichi.