Mgeni aliyepewa kiti: Ali Mazrui na kelele zetu za "warudi kwao"

Jamani, haya ndiyo niliyoyasema kwenye mjadala wa vijana hapa Kilifi. Nayaweka kwenye uzi kwa ajili ya walioniomba. Sitaji mwanasiasa wala chama, utaratibu wetu mnaujua.

Kura zikikaribia huku Pwani, neno moja hufufuka: wageni. Mara ni watu wa bara, mara Wapemba, mara Waarabu na Wahindi. Mwenye kipaza sauti anasema "warudi kwao", makofi yanapigwa, na hakuna anayemuuliza huko kwao ni wapi.

Hebu tumtazame mtu wa Pwani aliyekuwa mgeni kwa watu. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa 1933, baba yake Kadhi Mkuu wa Kenya. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere mpaka utawala wa kijeshi wa Uganda ulipochoshwa na mdomo wake. Akaishia Marekani. Hakuwa mwanasosholojia kwa cheti. Somo lake lilikuwa siasa, kama langu.

Watu humtaja kwa ile filamu yake ya 1986, The Africans. Mimi inanivutia zaidi kazi yake ya kamati, ambayo haina muziki wala kamera. Jimbo la New York liliunda kamati ya kupitia mtaala wa historia na jamii mashuleni, na Mazrui akawa mjumbe. Ripoti ilitoka 1991, ikiitwa One Nation, Many Peoples. Ilitaka watoto waisome nchi yao pia kwa macho ya wenyeji wa asili, ya waliotolewa Afrika kwa minyororo, na ya wahamiaji wa kila upande. Yaani mzaliwa wa Mombasa anasaidia kuamua Wamarekani wafundishwe nini kuhusu Marekani!

Walikubaliana wote? Wapi! Mwanahistoria Arthur Schlesinger aliipinga ripoti hiyo kwa maandishi, akihofia kwamba ukisisitiza sana asili za watu nchi itameguka. Hoja hiyo siidharau. Sisi wa Kenya ya 2007 tunajua kabila likigeuzwa panga linafanya nini. Ila Mazrui alikuwa ndani ya chumba wakati wa kubishana, hakuwa nje akisubiri kujadiliwa.

Sasa turudi kwetu. Wapemba wametega nyavu bahari hii vizazi na vizazi, lakini serikali iliwatambua kama jamii ya Kenya mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo, mtu angeweza kuzaliwa hapa, na wazazi wake pia, na bado akanyimwa kitambulisho. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, leseni ya uvuvi ni taabu, kura ndiyo usahau. Wamakonde wa Kwale nao, 2016, ilibidi waanze safari ya miguu kwenda Nairobi ndipo wasikike.

Najua kuna atakayesema: wewe, jina Mazrui hapa Kilifi lina kesi. Kweli. Tawi la ukoo huo lilihamia Takaungu baada ya kuipoteza Mombasa 1837, na 1914 sheria ya mkoloni ikawawekea ardhi ya amana. Bunge likaifuta 1989, kesi zikafuata. Na wapo Wagiriama wanaolima ardhi za Pwani wakiitwa maskwota. Hilo mtaala hauliponyi, hata uandikwe na nani.

Ndiyo maana huchoka nikisikia tamaduni nyingi zikielezwa kama ngoma na biriani kwenye tamasha la kaunti. Ngoma Mpemba alikuwa nayo siku zote, kitambulisho ndicho kilichokosekana. Mgiriama ngoma anayo, hati ya shamba hana.

Kwa hiyo mgombea akija kwenu na habari za wageni, muulizeni: kwenye kamati ya ardhi utamweka nani? Mpemba yumo? Skwota yumo? Jibu lake nirekodieni, mlitume hapa chini.