Lugha na Aliyeshika Bunduki

Ukipanda takisi Jinja, ukapita Iganga na barabara ya Tirinyi hadi Mbale, zungumza Kiswahili njiani. Hukosi mzee wa kukuuliza, "Wewe ni askari?"

Swali hilo silicheki. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka nchini Uganda mwaka 1971, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa Kiswahili watu waliamriwa kulala chini, kutoa pesa, kuingia kwenye buti la gari. Aliyeisikia lugha hiyo mlangoni usiku alitoka na kanuni moja: Kiswahili ni lugha ya wanyang'anyi. Akamrithisha mwanawe, mwana akamrithisha mjukuu asiyemjua hata Amin.

Kanuni hiyo ina kasoro. Waliopora walikuwa wenye bunduki, na kosa lao likabebeshwa maneno yaliyowatoka kinywani. Hapa Jinja, kwenye viwanda vilivyopata umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, wafanyakazi wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili hicho hicho. Na mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yaliyosaidia kumng'oa Amin yalipeana amri kwa Kiswahili. Kama lugha ndiyo yenye hatia, hawa tuwaweke wapi?

Lakini sisi tunaokipenda Kiswahili nasi tuna kosa letu, na leo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tukashangilia, kisha tukaanza kusema: Kiswahili huunganisha watu, kwa hiyo anayekikataa anapinga umoja.

Ni kweli huunganisha. Tanzania ni shahidi. Ila huwaunganisha wanaokutana ndani yake kwa amani. Mjane ambaye mumewe aliitwa nje kwa Kiswahili asirudi tena, huwezi kumpiga kwa kanuni hiyo ukamwita adui wa umoja. Zamani sana Aristotle alionya juu ya kosa hili: neno lililosemwa kwa sharti, kulichukua kana kwamba halina sharti lolote. Mwalimu atakayeingia darasani na Kiswahili kama amri, asijue nyumbani kwa mtoto neno "simama" lilimaanisha nini, atalithibitisha lile lile ambalo bibi yake mtoto amekuwa akilisema.

Juma lililopita, sokoni Mbale, nilimwamkia mama muuza nyanya kwa Kiswahili. Akanyamaza. Nikamwamkia kwa lugha ya kwao, "Mulembe." Akaitikia, "Mulembe," akanichagulia fungu zuri, akalifunga vizuri. Kisha bei akanitajia mwenyewe, kwa Kiswahili: "Elfu mbili, mwanangu."